Kwa nini Muhammad hawi steringi?

Kila sifa njema inamstahiki Allah (sw), Mola wa viumbe wote, aliyewaumba wanadamu kwa rangi na lugha mbalimbali. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (saw), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, leo naomba tuzungumzie sinema. Najua wapo watakaouliza mwalimu wa dini ana nini na sinema. Jibu langu ni jepesi. Vijana tunaowasomesha madrasa saa chache kwa juma wanasomeshwa na sinema kila usiku. Zamani katika vibanda vya video, na leo katika simu zilizomo mifukoni mwao. Sikusudii kueleza hukumu ya kutazama sinema, wala kuzungumzia ulevi na uchi uliojaa humo. Hayo masheikh wetu wameyaeleza mara nyingi. Nakusudia jambo moja ambalo halizungumzwi sana: nani anapewa kuwa steringi, nani anapewa kuwa adui, na nani anayeamua hivyo.

Steringi na adui

Kila aliyekulia mjini anaijua kanuni ya sinema: steringi hafi. Atapigwa risasi, atasukumwa kutoka ghorofani, gari lake litalipuka, lakini mwisho wa picha atasimama akijifuta vumbi. Mtazamaji hahitaji kujua Kiingereza ili amtambue. Anamjua kwa sura na kwa jinsi kamera inavyomfuata. Adui naye anajulikana mapema, kwa sura yake, kwa lafudhi yake, na mara nyingi kwa jina lake.

Niliwahi kuwaambia wanafunzi wangu wa kidato cha pili waandike majina ya masteringi watano wanaowapenda, kisha waandike majina ya waovu wanaowakumbuka kutoka katika picha hizo hizo. Orodha ya kwanza ilijaa majina ya Kizungu, na majina machache ya Wachina na Wahindi. Katika orodha ya pili walikuwamo akina Abdul, Hassan na Aziz. Kijana mmoja anayeitwa Salim akasema, “Mwalimu, kumbe maadui ni sisi.” Darasa zima likacheka, na yeye akacheka pamoja nao.

Kijana yule hakukosea. Katika True Lies ya mwaka 1994, picha ya Arnold Schwarzenegger iliyotazamwa sana mitaani kwetu, adui anaitwa Salim Abu Aziz. Naye si peke yake. Marehemu Jack Shaheen, msomi wa Kimarekani mwenye asili ya Lebanon, alikusanya na kuchunguza zaidi ya sinema 900 zilizowaonyesha Waarabu, na mwaka 2001 akachapisha matokeo yake katika kitabu. Alikuta kwamba sehemu kubwa kabisa ya sinema hizo ziliwaonyesha kama magaidi, matajiri wapumbavu, wakatili na wanyanyasaji wa wanawake. Waliokuwa watu wa kawaida, wenye kupenda watoto wao na kwenda kazini asubuhi, walikuwa wachache mno.

Miaka 20 baadaye, yaani mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti kuhusu sinema 200 zilizopendwa sana kati ya mwaka 2017 na 2019 kutoka Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Kati ya wahusika karibu 9,000 waliotamka neno lolote katika sinema hizo, Waislamu walikuwa asilimia 1.6 tu. Na sisi ni karibu robo ya watu wote wa dunia! Kwa hiyo ama hatuonekani, ama tukionekana tumeshika bunduki.

Muhammad fulani kutoka mahali fulani

Swali la kujiuliza ni hili: wanaotengeneza sinema wanasemaje wenyewe? Tuchukue mfano wa mtu mmoja, mwongozaji mashuhuri wa Uingereza, Ridley Scott. Namchagua kwa sababu kazi zake zinatugusa sana Waislamu, na kwa sababu amelisema waziwazi jambo ambalo wenzake hulificha.

Mwaka 2001 alitoa Black Hawk Down, kuhusu mapigano ya Mogadishu ya Oktoba 1993 ambamo waliuawa askari 18 wa Marekani na mamia ya Wasomali. Picha hiyo ilipigwa Morocco, na hakuna mwigizaji hata mmoja Msomali aliyepewa sehemu ndani yake. Askari wa Kimarekani wana majina, wana wake, wana picha za watoto wao mifukoni. Wasomali ni umati unaokimbia na kuanguka. Baadhi ya Wasomali wanaoishi Marekani walitoa mwito wa kuisusia.

Mwaka 2005 mwongozaji huyo huyo alitoa Kingdom of Heaven, kuhusu vita vya Msalaba. Hapa tuseme haki, maana Allah (sw) ametuamrisha katika Suratul Maida aya ya 8 tusiache uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Sehemu ya Salahuddin Ayyubi ilipewa Ghassan Massoud, mwigizaji wa Syria, naye akaionyesha heshima na huruma ya shujaa yule kiasi cha kuwafurahisha Waislamu wengi. Lakini steringi wa picha hiyo alikuwa Orlando Bloom. Aliyeikomboa Baytul Maqdis alikuwa mtu wa pembeni katika kisa cha kuikomboa Baytul Maqdis.

Kisha mwaka 2014 ikaja Exodus: Gods and Kings, kisa cha Nabii Musa (as) na Firauni. Aliyewekwa kuwa Musa ni Christian Bale, Muingereza. Firauni akawa Joel Edgerton wa Australia, na mama yake Firauni akawa Mmarekani. Ghassan Massoud yule yule safari hii alikuwa waziri wa Firauni. Watu weusi, katika picha inayohusu nchi iliyoko Afrika, wengi wao walionekana kama watumishi na watu wa chini.

Naomba nieleweke. Sisi hatudai kwamba Nabii Musa (as) angeigizwa na Muarabu au Mwafrika. Msimamo wa wanazuoni wengi ni kwamba Mitume haifai kuigizwa na mtu yeyote, awe wa rangi gani. Misri iliipiga marufuku picha hiyo kwa hoja kwamba imepotosha historia. Linalotuhusu hapa ni jibu alilolitoa mwongozaji alipoulizwa kuhusu uteuzi wake. Alisema kwamba hawezi kupata fedha za kutengeneza sinema ya gharama kubwa kiasi kile halafu aseme mwigizaji wake mkuu ni Muhammad fulani kutoka mahali fulani. Kwa hiyo, kwa maelezo yake, suala lenyewe halikuzuka kabisa.

Msomaji, litafakari hilo. Hakusema kwamba Muhammad hajui kuigiza. Hakusema kwamba sura yake haifanani na watu wa Misri. Alisema jina hilo halipatiwi fedha.

Kisingizio cha soko

Ili tuwe waadilifu, tuifahamu hoja yao jinsi inavyofanya kazi. Sinema ya namna ile ni biashara. Exodus iligharimu takriban dola za Marekani milioni 140. Fedha kama hizo hazitoki mfukoni mwa mtu mmoja. Kampuni hukopa, hutafuta nafuu za kodi katika nchi wanakopigia picha, na huuza mapema haki za kuionyesha filamu katika nchi mbalimbali. Mnunuzi wa haki hizo hajaiona filamu, maana haijatengenezwa. Anachonunua ni majina: nani mwongozaji, nani steringi. Jina lililouza jana ndilo linaloaminiwa kuuza kesho.

Hapo ndipo ulipo mtego. Muhammad hapewi kuwa steringi kwa sababu hana jina. Na hana jina kwa sababu hajawahi kupewa kuwa steringi. Ni sawa na mwajiri anayedai uzoefu wa miaka mitano kwa kila kijana anayeomba kazi, wakati waajiri wote wamekataa kumpa huo mwaka wa kwanza. Wahitimu wetu wanaujua mchezo huu vizuri.

Nafasi ikipatikana nayo, huja na masharti. Mwaka 2009 maharamia waliiteka meli ya Maersk Alabama iliyokuwa ikija Mombasa. Kisa hicho kikatengenezewa sinema, Captain Phillips, mwaka 2013. Safari hii Wasomali waliigizwa na Wasomali, na Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu ambaye hakuwa ameigiza kabla yake, akashinda tuzo ya BAFTA ya Uingereza mwaka 2014. Ni hatua, hatukatai. Lakini alishinda kama nani? Kama haramia.

Je, ni kweli watazamaji hawatutaki?

Hoja ya soko inasimama juu ya dai moja: kwamba watazamaji hawako tayari kumpenda steringi asiyefanana nao. Tulipime dai hilo.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa ushahidi wa kwanza uko nyumbani. Kwa miongo mingi majumba ya sinema ya miji hii yalijaa watu waliokwenda kutazama picha za Kihindi, wakalia na kucheka na waigizaji wasiofanana nao kwa rangi wala kwa lugha. Na katika India kwenyewe kuna somo kubwa. Mwaka 1944 kijana mmoja Muislamu, mzaliwa wa Peshawar, aliingia katika sinema. Jina lake lilikuwa Yusuf Khan, lakini akapewa jina la Dilip Kumar, ambalo watazamaji wangelipokea bila kujiuliza. Akawa mmoja wa waigizaji wakubwa kupita wote katika historia ya nchi hiyo. Mwaka 1960, katika Mughal-e-Azam, Yusuf huyo aliyefichwa jina akaigiza mwanamfalme anayeitwa Salim. Salim wa darasani kwangu hakuwa na habari kwamba kuna Salim aliyekuwa steringi.

Nusu karne baada ya Yusuf kufichwa jina, masteringi watatu walioshika soko la India walikuwa Shah Rukh Khan, Salman Khan na Aamir Khan. Hakuna aliyewaambia wajiite Kumar. Katika sensa ya India ya mwaka 2011 Waislamu walikuwa takriban asilimia 14, kwa hiyo tiketi hizo hazikununuliwa na Waislamu peke yao. Watazamaji walewale waliodhaniwa mwaka 1944 kwamba hawataki jina la Khan, wajukuu wao walipanga foleni kwa ajili ya jina hilo. Ladha ya watu hubadilika kwa kile wanachopewa.

Huko Magharibi nako hesabu zinakataa. Slumdog Millionaire ya mwaka 2008 iligharimu takriban dola milioni 15. Steringi wake ni kijana Muislamu wa vibanda vya Mumbai aitwaye Jamal Malik, na mwigizaji wake, Dev Patel, hakuwa na jina kubwa wakati huo. Iliingiza zaidi ya dola milioni 370 na kushinda tuzo ya Oscar ya filamu bora. Black Panther ya mwaka 2018, ambayo karibu waigizaji wake wote wakuu ni weusi, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Aladdin ya mwaka 2019 ilimpa nafasi ya kwanza Mena Massoud, kijana Mkristo aliyezaliwa Misri na kukulia Canada, ikapita dola bilioni moja. Na ile Exodus, iliyokusanya majina yanayouza? Nchini Marekani iliingiza takriban dola milioni 65 tu, chini ya nusu ya gharama ya kuitengeneza.

Hivyo basi, “soko” wanalolisema si mvua inayoshuka kutoka mbinguni. Ni woga wa wenye fedha, waliouvika joho la hesabu.

Al-Risala na mtihani wetu wenyewe

Pengine msomaji atasema hayo ni ya makafiri. Hapana. Tuitazame sinema ambayo karibu kila familia ya Kiislamu mjini imeiona, hasa mwezi wa Ramadhani: Al-Risala, yaani The Message, ya mwaka 1976. Mwongozaji wake, Moustapha Akkad, alikuwa Muislamu mzaliwa wa Aleppo, Syria. Mtume (saw) haonyeshwi wala sauti yake haisikiki. Akkad aliipiga sinema hiyo mara mbili, kwa makundi mawili ya waigizaji. Kwa Waarabu, Hamza (ra) aliigizwa na Abdullah Gaith wa Misri. Kwa watazamaji wa Kiingereza, aliigizwa na Anthony Quinn, mzaliwa wa Mexico, na Hind akawa Irene Papas wa Ugiriki. Yaani hata Muislamu, akitengeneza sinema ya Uislamu, aliona kwamba watu wa Magharibi hawatamsikiliza Hamza mpaka awe na sura wanayoijua.

Simlaumu. Alitaka ujumbe ufike, na umefika kwa mamilioni. Lakini tazama alivyofanya kwa Bilal (ra). Katika sinema ya Kiingereza sehemu hiyo alimpa Johnny Sekka, mzaliwa wa Dakar, Senegal. Watoto wetu wengi waliotazama kanda ile walisahau mambo mengi, lakini hawakusahau mtu mweusi akipanda juu na kuadhini.

Mtume (saw) alimchagua nani?

Hapa ndipo Uislamu unapotoa kipimo chake. Adhana ilipowekwa Madina, aliyeoteshwa maneno yake alikuwa Abdullah bin Zayd (ra), Answari, mwenyeji wa mji. Mtume (saw) alimwambia amfundishe Bilal ili yeye ndiye aadhini, na sababu aliyoitoa, kama ilivyo katika hadithi ya Abu Daud, ni kwamba sauti ya Bilal ni nzuri zaidi. Ndugu zangu, hiyo ndiyo sifa iliyotazamwa: sauti, kwa kazi inayohitaji sauti. Rangi yake, ukoo wake na utumwa wake wa zamani havikuingia katika hesabu.

Kisha mwaka wa 8 Hijria ikakombolewa Makka. Waliokuwa wakitazama siku ile walikuwa Maquraishi, watu wa nasaba, ambao kwa miaka mingi walimjua Bilal kama mtumwa wa kuburutwa juani. Kama Mtume (saw) angeangalia watazamaji wanataka kumuona nani, wapo Masahaba wengi wa Kiquraishi wenye majina makubwa. Akamwamuru Bilal apande juu ya Al-Kaaba aadhini. Wapo Maquraishi walioguna. Baadhi ya wafasiri wanaeleza kwamba ni katika tukio hilo ndipo ilipoteremka aya ya 13 ya Suratul Hujurat, inayotufahamisha kwamba wanadamu wote wametokana na mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na kwamba mbora wao mbele ya Allah ni mchamungu zaidi.

Mtume (saw) hakusubiri Maquraishi wazoee. Aliwazoesha.

Tusafishe na nyumba yetu

Somo hili litakuwa pungufu tukimalizia kwa kuwalaumu Wazungu. Katika Ramadhani ya mwaka 2018 vipindi vya vichekesho vya televisheni kutoka Misri na Kuwait viliwaonyesha waigizaji waliojipaka weusi usoni ili watu wawacheke watu weusi. Vilishutumiwa, na vilistahiki kushutumiwa. Abu Dharr (ra), pamoja na daraja lake, alipomtukana mwenzake kwa mama yake, Mtume (saw) alimwambia kwamba bado amebakiwa na ujahili. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na zipo riwaya zinazosema aliyetukanwa ni Bilal.

Na filamu zetu za Kiswahili je? Mara ngapi mganga wa kienyeji amevalishwa kanzu, kofia na tasbihi? Mara ngapi binti mweupe, au aliyeng'arishwa kwa mkorogo, amekuwa mchumba wa steringi, na binti mweusi akawa mfanyakazi wa ndani? Anayechagua hivyo akiulizwa husema ndivyo watazamaji wanavyotaka. Ni jibu lile lile la Ridley Scott, limetafsiriwa tu.

Tufanye nini?

Kwanza, wazazi na walimu tuwafundishe watoto kutazama kwa kuuliza. Tangu mwaka 2018 Waislamu wa Uingereza wana kipimo cha maswali matano kinachoitwa Riz Test, kwa jina la mwigizaji Riz Ahmed. Je, Muislamu katika picha hii anahusishwa na ugaidi? Ana hasira zisizo na sababu? Ni mshirikina au adui wa maendeleo? Ni tishio kwa maisha ya Magharibi? Kama ni mwanamume, anawadhulumu wanawake, na kama ni mwanamke, amedhulumiwa na wanaume wa kwao? Mtoto akizoea kuuliza hivyo, adui akiitwa Salim hatajicheka tena.

Pili, tukumbuke kwamba watazamaji ni sisi. Kila shilingi tunayotoa ni kura. Filamu ya Kiswahili inayomtukana Muislamu au mtu mweusi isinunuliwe, na mtengenezaji aambiwe sababu, kwa hekima.

Tatu, wenye uwezo wachangie. Mwaka 1992 Spike Lee alipokuwa akitengeneza Malcolm X, fedha zilimwishia. Wamarekani weusi matajiri, akiwemo Michael Jordan na Oprah Winfrey, wakatoa fedha zao na kazi ikakamilika. Steringi wa picha ile ni Muislamu mweusi, na sehemu yake ilipigwa Makka. Aliyetoa fedha ndiye aliyeamua nani asimame katikati.

Nne, na hili ndilo la msingi zaidi, tuwasomeshe watoto wetu sira ya Bilal, ya Ummu Ayman, ya Usama bin Zayd na ya Salman Al-Farsi (Allah awaridhie) kwa uhodari ule ule ambao wao wanatusimulia picha za vita. Mtoto anayewajua hawa hatahitaji ruhusa ya mwenye benki wa Hollywood ili ajue kwamba mtu wa jina lake na rangi yake anaweza kusimama juu, watu wote wakimtazama, na akawaita kwenye kheri.

Allah (sw) atuwafikishe kuiona haki kuwa ni haki na kuifuata, na kuiona batili kuwa ni batili na kuiepuka. Wallahu a'lam.